Kipande cha Kandambili

Mguu wa kushoto umeachishwa kazi.
Miaka ishirini na sita uliandamana na mwenzake
juu ya ubao wa chuma wa cherehani ya zamani,
kisigino, vidole, vidole, kisigino,
kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.
Leo umekaa pembeni kwenye sakafu baridi.

Kazi yote sasa ni ya wa kulia,
nao haujui kunong'ona.

Niliigusa tu, wallahi, niliigusa tu
hiyo pedali nyeusi, ndogo kama kiatu cha mtoto,
mashine ikakurupuka.
Pindo likapita, alama ya chaki ikapita,
mtandio wa binti Bikombo
ukashonwa pamoja na mkono wa gauni langu.
Hafidhi mjukuu wangu akacheka mpaka akakohoa.
Nusu saa nikifumua
kilichoshonwa kwa pumzi moja.

Shaame, aliyeibeba kutoka Mkoani hadi hapa Limbani
imeviringwa shuka kama maiti,
alinionesha kila kitu: kutia uzi, kujaza bobini,
kubadilisha mshono.
Mguu hakunionesha.
Akaondoka na gari ya saa saba.

Ubavuni kuna kitufe cha kuteleza,
huku kachorwa kobe, huku kachorwa sungura.
"Bibi, kisukume kwa kobe."
Nikakisukuma.
Na msiniletee ile methali ya haraka,
naijua, nimeipinda kwenye kanga za watu
kabla baba yake Hafidhi hajaota meno.
Kobe wa mashine hii ana mbio kunishinda.

Usiku, watu wamelala, nikachomoa uzi.
Nikachana karatasi ya daftari la hesabu,
nikailaza chini ya sindano tupu:
mstari wa buluu ndiyo njia,
ule mwekundu wa pambizo ndiyo kona.
Nikavua ndara. Mguu mtupu husikia zaidi.
Nikabonyeza kwa kidole gumba, kimya.
Nikaongeza, kimya bado,
kisha mngurumo mdogo, kabla ya mwendo,
kama mtu anayekohoa nje kabla ya kupiga hodi.
Hapo.
Hapo nikakaa kwa muda, nikiusikiliza tu.

Nikainua karatasi kwenye taa.
Vitundu vya mwanzo vimelewa,
vimeikata tano ya Hafidhi katikati.
Vinavyofuata vinapepesuka.
Vya mwisho, si vyote,
vimekaa juu ya buluu.

Asubuhi mguu ukasahau.
Nikachukua kisu, nikakata kisigino cha kandambili
iliyokatika kamba tangu Ramadhani,
nikakisukumiza chini ya pedali kuwa kabari.
Sasa hata nikikanyaga kwa hasira
(nazo ninazo: Bikombo kasema atalipa
karafuu zikishauzwa, na mvua haijaamua)
haiendi zaidi ya nilivyoiruhusu.

Mitandio kumi na minne. Shule Jumatatu.
Kwenye kona nasimama, nazungusha gurudumu kwa mkono,
mshono mmoja, mwengine,
nainua mguu wa mashine (nayo inao, mmoja tu),
nageuza kitambaa, nashusha,
bismillahi, naendelea.
Kwenye mtandio wa kumi na moja nikagundua
sikumbuki mara ya mwisho kuuwaza mguu.

"Bibi, kitoe hicho kipande. Si umeshaweza?"
Nikainama, nikakitoa.
Nikashona mstari mmoja mrefu, bila chaki,
ukanyooka.
Hafidhi akapiga makofi.
Nikainama tena, nikakirudisha.
Kuna jioni mguu huu huwa na mawazo yake.

Na wa kushoto, huko chini ya meza,
ukipiga mwendo wa zamani taratibu
kisigino, vidole, vidole, kisigino,
hakuna aliyeuambia uache.